Gesi Iliyolala Ndani ya Maji

Ndugu yangu alikufa kisimani, upande wa chini wa Kinna, na mimi ndiye niliyewazuia watu wasishuke kumtoa. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kwetu huanzia hapo kila wanaponisengenya, na afadhali ulisikie kutoka kwangu. Yaliyobaki ni maelezo. Maelezo yangu, wanasema, yana kemia nyingi mno.

Hapo hawajakosea. Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari hapa Isiolo. Kabla ya kushika chaki nilikaa ng'ambo miaka kadhaa nikisomea kitu ambacho nikikitaja harusini watu hubadilisha mazungumzo: gesi zilizoyeyuka katika chemchemi za moto zilizo chini kabisa ya bahari kuu. Huko chini, mahali mwanga wa jua haujawahi kufika, sakafu ya bahari ina nyufa. Maji huingia kwenye nyufa hizo, hukutana na miamba yenye joto la volkano, kisha hurudi juu yakiwa meusi kama maji ya kuoshea masufuria, na yana joto kushinda maji yanayochemka jikoni. Lakini hayachemki. Uzito wa bahari nzima umeyakalia. Uzito huohuo huzilazimisha gesi kutulia ndani ya maji, usizione wala usizisikie: kaboni dayoksaidi, methani, haidrojeni, na ile haidrojeni salfaidi yenye harufu ya yai viza.

Kazi yangu haikuwa ya kishujaa. Sikuwahi kushuka huko. Meli ilituletea chupa za chuma zilizojazwa na kufungwa hukohuko chini, nami nilizifungua maabarani. Ujuzi wote uko kwenye kufunga. Ukichota maji yale kwa ndoo ya kawaida na kuyapandisha, uzito unapungua, gesi inatoroka njiani, na ukifika juu umebaki na maji ya chumvi yasiyoweza kukuambia lolote. Chupa iliyofungwa vizuri huja na gesi yake yote, na mtu mvumilivu huiachilia polepole ndani ya mirija isiyo na hewa, akipima. Mimi si mvumilivu. Nilizilaani zile koki kwa Kiborana mpaka wenzangu wa maabara wakajifunza matusi mawili matatu na kuyatumia vibaya.

Nilipokuja likizo mama alinitaka nimweleze kazi yangu, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichagua mchele.

"Kwa hivyo," alisema, "umeenda mbali hivyo kusomea ushuzi wa bahari."

Nikamwambia kwamba kando ya chemchemi hizo kuna viumbe wadogo sana ambao chakula chao ni hiyo hiyo gesi, na kuna wengine wakubwa wanaowategemea hao wadogo. Mama alicheka hadi akaweka sinia chini. "Wanakula ushuzi! Subhanallah. Na ng'ombe ya hapa haina hata nyasi."

Mkataba wangu ulipoisha nilirudi nyumbani. Nilikuwa Mborana wa Isiolo aliyejua habari za chini ya bahari, katika mji ambao watu huamka kupanga mitungi wakingoja lori la maji. Nilifundisha. Nilikuwa mkali darasani, na bado ni mkali. Mama aliishi nami mjini. Baba alikuwa amefariki zamani, na mifugo yetu iliyobaki ilikuwa Kinna mikononi mwa ndugu yangu, mdogo wangu wa pekee, aliyeishi huko karibu na abuya.

Abuya kwetu ni mjomba, ndugu wa kiume wa mama. Huyu wetu alikuwa zaidi ya hapo: alikuwa aba herega, yaani msimamizi wa zamu za kunywesha mifugo katika kisima cha ukoo wao. Yeye ndiye aliyesema ng'ombe wa nani wanywe leo na wa nani wangoje kesho, na hakuna aliyebishana naye, hata polisi wa akiba wenye bunduki. Mama alimpenda mdogo wake huyu kupita kiasi. Alipokuwa msichana alimbeba mgongoni kuvuka mto uliofurika, na alikuwa akituhadithia habari hiyo kila mvua iliponyesha, na kwa kuwa mvua zenyewe zilikuwa chache, hadithi haikuchosha.

Kisha mvua zikakosa kabisa, misimu ikapita mitupu. Maji ya kisima cha abuya yalishuka, yakawa tope, tope likakauka. Kule Rapsu wenye mashamba walikuwa wanagombania mfereji. Abuya akaamua kisima kichimbwe zaidi, kuupita mwamba mweusi ambapo babu zao waliishia. Ndugu yangu ndiye aliyekuwa mchimbaji hodari. Alikuwa mwembamba, na alikuwa na mabega ya kazi na domo la utani, na shimoni alijisikia nyumbani kuliko juu.

Kazi ya kisima kwetu hufanywa kwa wimbo. Aliye chini huimba mstari, walio juu hujibu, na ndoo hupanda kwa mwendo wa wimbo. Huwa anaitwa ng'ombe mmoja mmoja kwa sifa zake, na watu huongeza utani juu ya wenye ng'ombe. Wageni hupiga picha na kusema ni nzuri. Hawajui kwamba wimbo ule ni ulinzi pia. Aliye chini akiacha kuimba, aliye karibu naye anashuka mara moja, bila kuuliza, bila kuvua hata viatu. Mwanamume akikawia kumshukia mwenzake, wajukuu zake watatukanwa kwa ajili hiyo.

Walipoufikia ule mwamba mweusi, ndugu yangu alikuja mjini kununua kamba na sururu mpya. Aliingia nyumbani kwa kelele zake, "Salaam aleikum, watu wa maji ya lori!" akaweka mezani chupa ya plastiki ya soda.

"Nimekuletea bahari yako," aliniambia.

Alikuwa ameijaza kwa maji kidogo yaliyokuwa yakichuruzika kwenye ufa wa mwamba, akaifunga hukohuko chini. Ile chupa ilikuwa imevimba, imekuwa ngumu kama mpira wa kandanda uliojazwa kupita kiasi. Nilipolegeza kifuniko ililia na kutema povu hadi kwenye dera la mama. Ndugu yangu alicheka. Mama alilaani. Mimi nilinusa, nikapata ile harufu, hafifu, ya yai viza.

Vilima vya Nyambene, vilivyo juu ya Kinna, vilikuwa moto zamani, kila mtoto wa shule anajua. Moto ule umelala, haujazimika. Gesi yake bado inapenya kwenye nyufa na kuingia ndani ya maji, kama kule baharini, ila hapa kinachoikalia ni mwamba badala ya bahari. Nilikuwa nimeyasoma haya kwa miaka, na sasa yalikuwa yamemwagika kwenye kitambaa cha meza yetu.

Nilichukua jagi, nikasimamisha kipande cha mshumaa ndani yake, nikakiwasha. Kisha nikaitikisa chupa nikiwa nimeziba mdomo wake kwa kidole gumba, nikaachilia gesi peke yake iingie kwenye jagi. Mshumaa ulizimika kama uliopulizwa. Niliwasha tena kwa njiti ndefu. Njiti ilizimika kabla ya kuufikia.

"Umeona?" nilimwambia. "Hii hewa ni nzito. Inaanza kujaa chini kama maji kwa sahani, na huwezi kuiona. Ukipumua hiyo, umelala. Ukilala, basi."

"Sisi tunashusha taa kwanza," alijibu. "Tangu zamani. Si ni kupima?"

"Taa gani?"

"Hii." Akatoa mfukoni taa ndogo ya sola, ya kuning'iniza.

Nilipandwa na hasira ambayo bado naikumbuka mikononi. Nilimnyang'anya ile taa, nikaiwasha, nikaitumbukiza ndani ya jagi. Iliwaka. Iliwaka vizuri sana. Nikamwambia hii taa haipumui, mjinga wewe, unaweza kuishusha jehanamu na itarudi inang'aa. Nilimweleza kile ambacho hata mimi ndio kwanza nilikuwa nakielewa: babu zetu walishuka na kandili kwa sababu walitaka kuona, basi. Hewa ilipokuwa mbaya kandili ilizimika, na mtu aliyebaki gizani alipanda juu. Giza ndilo lililokuwa likiwaokoa. Desturi ya kushusha taa ikabaki, lakini taa yenyewe ikabadilishwa, na hakuna aliyejua kilichoondoka nayo.

Mama aliingia stoo akarudi na kandili yetu ya zamani, akaipangusa kioo kwa upindo wa dera. Alimpa mwanawe kwa mikono miwili. "Fanya vile dada yako amesema," alimwambia. Yeye aliapa atafanya. Nilimwongezea neno jingine: mwamba ukipasuka na maji yakianza kutoa povu, asingoje taa wala mtu, apande. Gesi yote iliyokuwa imebanwa itatoka kwa mpigo mmoja. Alisema sawa, mwalimu, akaniiga ninavyotembea darasani, akaenda zake.

Wiki ile sikutulia. Jumamosi nilipanda gari la kwanza la Kinna. Sikuwa na sababu niliyoweza kumwambia mtu. Nilimwambia mama nakwenda kuwasalimia.

Kufika kisimani niliusikia wimbo kabla ya kuwaona watu, na nilifurahi kama mtoto, kwa sababu sauti iliyokuwa ikiongoza ilikuwa yake. Alikuwa anamsifu ng'ombe mmoja mwenye pembe iliyopinda, na kumcheka mwenye ng'ombe kwamba naye amepinda hivyo hivyo. Watu wa juu walijibu kwa kicheko. Mtu mmoja alisimama kwenye ukingo wa katikati, ndani ya shimo, akipokea ndoo za mawe. Abuya alikuwa mdomoni mwa kisima, kikoi kimefungwa juu ya magoti, fimbo kwapani. Nyuma yao ng'ombe walikuwa wamesimama kwa utulivu ule mbaya wa mnyama aliyechoka hata kulia.

Kandili yetu ilikuwa imewekwa kando, juu ya udongo. Haikuwa inawaka.

Nilimwamkia abuya, kisha nikauliza kwa nini kandili imezimwa.

"Haikuzimwa, imejizima yenyewe," alisema. "Mafuta ya huyo mtu wa duka ni mbaya. Imekaa kwa pipa tangu watu waanze kununua sola, imeingia maji. Hata jana kwa nyumba ilizima."

"Na leo imezimia wapi?"

"Huko ndani. Mara mbili. Nikaona hatutapoteza siku kwa sababu ya mwizi wa duka." Akaonyesha kamba iliyoning'inia shimoni. Mwishoni mwake, chini kabisa, taa ya sola iling'aa.

Namwelewa abuya leo kuliko nilivyomwelewa siku hiyo. Mafuta yalikuwa mabaya kweli. Kandili ilikuwa imewazimikia nyumbani, kwenye hewa safi, mbele ya ndugu yangu mwenyewe. Mwenye duka alikuwa mtu wa kuchakachua, kila mtu wa Kinna alijua. Ukiwa na sababu iliyo karibu hivyo, ya nini kutafuta ya mbali? Hata ndugu yangu aliyeuona mshumaa ukifa ndani ya jagi alikubali. Ng'ombe walikuwa wanamtazama.

Nilipiga magoti kwenye ukingo, nikaita jina lake. Nikamwambia apande sasa hivi.

Jibu lake lilikuja na mlio wa sururu, kisha sauti kama ya chapati inapotupwa kwenye mafuta. "Dada!" alipiga kelele. "Dada, maji inacheka! Imetoka! Imejaa mpaka kwa miguu!"

Watu walishangilia. Mmoja alianguka kusujudu. Mimi nilipiga ukelele atoke, atoke, aache kila kitu.

"Ndoo moja tu," alisema. "Wacha nichote moja tu, ng'ombe iko na kiu."

Alianza mstari wa wimbo. Walio juu walijibu. Mstari wa pili haukuja.

Yule wa katikati aliinama, kisha nikaona ameanza kupanda, akishika kuta kama mlevi. Watu wawili walimvuta nje, akaanguka kifudifudi, akatapika, macho yake hayakutuona. Abuya tayari alikuwa ametupa fimbo na kuweka mguu kwenye kidato cha kwanza cha kuteremkia.

Nilimrukia. Nilimkumbatia kiunoni kwa nyuma, na alipojaribu kunibandua nilimng'ata mkono hadi nikaonja damu. Alinipiga kibao, mjomba wangu ambaye hajawahi kuninyooshea hata kidole. Nilipiga kelele kwamba atakayeshuka atakufa, kwamba mtatoa maiti mbili, tatu, nne, mtapanga foleni. Mtu alinivuta nywele chini ya shungi. Sikuachilia. Kilichonisaidia si maneno yangu. Ni yule aliyekuwa ametapika: alifungua macho akasema, "Huko hakuna hewa. Wallahi huko hakuna kitu ya kupumua." Ndipo wengine wakamshika abuya pamoja nami. Alilia kwa sauti, mzee mzima, akinitukana mimi na shule zote nilizosoma.

Tulifanya yaliyowezekana. Walifunga turubai kwenye kamba, wakawa wanaishusha na kuivuta kwa nguvu, ishushe, ivute, ili isukume hewa nzuri chini na mbaya juu. Wengine wakafanya vivyo hivyo kwa matawi. Wanawake walikuja na mitungi ya maji waliyokuwa wamepiga foleni kuyapata, wakayamwaga shimoni ili yavute hewa, hakuna aliyeulizwa mara mbili. Mimi nilishusha mshumaa ndani ya mkebe. Ulizimika. Turubai tena. Ulizimika. Nilikuwa naita jina lake kila mara mkebe uliposhuka, na nilijua ninachofanya: nilikuwa nampima ndugu yangu kwa mshumaa.

Ulipokubali kuwaka hadi chini nilisema sasa. Abuya alishuka na kamba kifuani. Alimtoa. Ndugu yangu alikuwa amelowa, uso wake hauna jeraha, na ndoo ilikuwa imejaa. Tulimpulizia, tukamkandamiza kifua, nilifanya mwenyewe hadi mikono ikakataa. Abuya ndiye aliyesema inna lillahi. Alizikwa kabla ya magharibi, mama akiwa amewahi kufika kutoka Isiolo.

Baada ya hapo maji ya kisima hayakukoma. Hiyo ndiyo sehemu ninayoichukia zaidi. Yalipanda mpaka mtu aliweza kuchota kwa kamba bila kushuka, na yalipokaa wazi kwenye birika la mifugo povu liliisha, harufu ikaisha, ng'ombe wakanywa. Mifugo ya ukoo mzima ilipona kwa maji yale. Mjini watu waliniambia eti hiyo ndiyo hekima ya Mungu, na mimi niliwajibu vibaya, nikaambiwa nimekufuru. Sijui kama nilikufuru. Najua nilikuwa nafikiria wale viumbe wa chini ya bahari wanaoishi kwa gesi hizi, na kwamba nilitumia ujana wangu wote nikiwastaajabia, na sasa nisingetaka hata kusikia habari zao.

Kinna walikuwa na maneno yao. Wengine walisema niliogopa kwa sababu ni mwanamke. Wengine, kwamba kusoma kumenifanya moyo jiwe, nikapiga hesabu juu ya ndugu yangu kama ninavyopiga ubaoni. Wachache walikuja usiku wa matanga wakanishika mkono; mmoja wao alikuwa mke wa yule aliyetapika. Abuya hakunisemesha. Alama ya meno yangu ilibaki mkononi mwake, na alivaa mikono mirefu hata kwenye jua.

Ningeyavumilia yote hayo. Sikuweza kumvumilia mama.

Hakunilaumu. Hata mara moja. Tulirudi Isiolo, akaendelea kupika, kuswali, kupanga mitungi. Lakini aliwauliza watu wote waliokuwa pale, mmoja mmoja, wakija mjini, akawakalisha na chai: alisema nini mwisho, alianguka lini, wimbo ulikatika wapi, turubai ilishushwa mara ngapi. Nilikuwa chumba cha pili nikisahihisha mitihani, nikisikia. Mimi hakuniuliza. Na hakunitazama. Alizungumza na bega langu, na kikombe changu, na mlango nyuma yangu. Mtu anaweza kuishi na mtu hivyo, chakula kikaliwa, nguo zikafuliwa, mwaka ukaenda.

Mvua ziliporudi abuya alianza kutuma maziwa kutoka Kinna, kibuyu kizima, pamoja na gari la asubuhi. Mama aliyapokea kila mara na kila mara aliwapa majirani. Alinusa kibuyu, akakifunga, akatoka nacho. Kisha asubuhi moja ya likizo nilimkuta ameyateleka. Amekaa kwenye kigoda, anayatazama yasifurike.

"Keti," aliniambia.

Niliketi. Aliongeza majani, na sukari, akakoroga muda mrefu.

"Ulipomshika ndugu yangu," alisema, "mwanangu alikuwa amekufa?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo tangu kaburini, na jibu lake nilikuwa nimelitayarisha. Ningesema ndiyo. Ningeleta kemia yote niliyosomeshwa, kiasi cha gesi, dakika za kuvuta pumzi, na angeniamini, maana hakukuwa na mwingine wa kumuuliza.

"Sijui, mama," nilisema.

"Pengine alikuwa hai."

"Pengine."

"Na kama ungejua kabisa kwamba yuko hai, ungemwachilia abuya yako ashuke?"

"Hapana. Ningemshika tu. Wangekufa wote wawili."

Alikubali kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayesikia bei aliyoitarajia. Maziwa yalipanda, akaepua.

"Na kama ungekuwa mimi?" aliuliza. "Umesimama pale. Aliye chini ni mtoto wako, na anayetaka kushuka ni ndugu yako uliyembeba mgongoni. Ungefanya nini?"

Nilijaribu kutafuta jibu jingine. Kweli nilitafuta.

"Ningemwachilia ashuke," nilisema.

"Hata kama umesoma yote hayo?"

"Hata hivyo."

Mama alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike, na alinitazama muda mrefu, usoni, hadi mimi ndiye niliyeinamisha macho.

"Ningemsukuma ashuke," alisema. "Ningemsukuma mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Na hilo unalijua, na abuya yako analijua, ndiyo maana anatuma maziwa."

Akamimina chai, kikombe changu kwanza.